Kiti cha Maboksi

Jumamosi iliyopita nilicheza muziki mpaka mkanda wa kiatu ukakatika. Mwanamke wa umri wangu, mwenye magoti yanayolia kama mlango wa zizi, nilicheza! Ilikuwa sendofu ya Anzela, yule binti wa mazoezi ya viungo wa hospitali, na sisi kina mama wa zamani wa Mandewa tulipewa meza yetu mbele kabisa, meza yenye kelele kuliko ya shangazi zake. Mshereheshaji akatuuliza, "Na hawa ni upande gani, wa baba au wa mama?" Mama Ombeni akasimama, akamnyang'anya kipaza sauti. "Sisi ni upande wa watoto!" Ukumbi ukalipuka vigelegele. Na watoto wenyewe walikuwepo. Ombeni wake, mwenye usonji, sasa anaota ndevu. Alikuwa ameziba masikio kwa vidole kwa sababu ya spika, huku anacheka. Mjukuu wangu Pili alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, gauni la njano, shingo imenyooka kama ya mbunge. Nikawatazama wote nikasema moyoni, mwaka ule lazima niuandike, mimi mwenyewe, na darasa langu la nne. Habari za nani alimzaa nani nimeziacha. Hizo ziko makaburini Mgori, anayezitaka akaulize huko.

Pili alikuwa na miaka minne. Nilitoka kwangu Mgori kwenda Misigiri kumlea binti yangu Hadija, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume, na nilipoingia jikoni kwake nikakuta mtoto wa miaka minne mwenye uzito wa paka. Shingo haikai, mikono imekunjwa kifuani kama anaficha kitu, macho makubwa yanafuata kila anayepita. Macho yale yalikuwa na akili, mtu asinidanganye. Shida ilikuwa chakula. Jiko la Hadija lilikuwa la tofali mbichi, dirisha dogo la kutolea moshi, na chini ya dirisha kulikuwa na mkeka wa kumlishia Pili. Mkeka ule ulikuwa uwanja wa vita. Tulimlaza mapajani, kichwa kwa nyuma, tukamnywesha uji kwa kiganja kama tulivyonyweshwa sisi wote. Alipaliwa, akakakamaa, akageuka rangi, uji ukatokea puani. Basi tukauongeza maji ili upite kirahisi, na kadiri tulivyouongeza maji ndivyo alivyozidi kupaliwa. Uji unapoa, mtoto analia, mama yake analia, kuku wanasubiri kilichomwagika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, asubuhi, mchana na jioni.

Mama yake Mkumbo, mume wa Hadija, alikuwa akikaa kizingitini anatutazama. Mimi namwita mkwe. Si mwanamke mbaya. Ni Mnyiramba wa kazi, mikono kama jembe, mdomo hauna pazia. Siku moja akasema, bila hata kupunguza sauti, "Mnamtesa bure. Huyu mtoto ni mgeni. Mgeni akitaka kuondoka, hafungiwi mlango." Hadija akainama juu ya kichanga chake, maana huyo ni mama mkwe. Mimi sikuolewa pale. Nikamjibu, "Mgeni gani anaondoka na njaa? Kwetu Wanyaturu mgeni huondoka ameshiba!" Akacheka kidogo, akasema Wanyaturu tunashiba maneno. Lakini jioni nilipomshika Pili nikahisi mbavu zake moja moja chini ya vidole vyangu, nikajua mkwe hasemi uchawi. Anasema anachokiona. Tusipopata njia ya kumlisha huyu mtoto, masika yatamkuta hayupo.

Njia niliipata kwenye vitunguu. Ulikuwa msimu, na sisi wanawake tulikaa chini ya turubai tunachambua, vikubwa huku, vidogo huku, vilivyooza pembeni, na wanunuzi wa mjini wanazunguka na kubonyeza kama wanapima ukomavu wa parachichi. Nilikuwa na Pili mgongoni, kichwa chake kimeegemea bega langu. Nyuma yangu mama mmoja mnunuzi akamwambia mwenzake, "Muone yule. Wa dada yangu alikuwa anakunja mikono hivyo hivyo. Ni mtindio wa ubongo. Sasa anakaa." Nikageuka na kitunguu mkononi. "Umesema nini?" Akashtuka, akadhani amenitukana. "Samahani mama, sikuwa na nia..." "Achana na samahani! Sema tena hilo jina." "Mtindio wa ubongo." "Na umesema sasa anakaa?" "Anakaa. Walimpeleka hospitali, mjini. Kuna chumba cha mazoezi, kina mipira mikubwa kama tangi la maji. Hawachomi sindano, wanacheza nao." Jamani! Lina jina! Kitu chenye jina kina watu wanaokijua. Nilirudi nyumbani nalitamka njiani kama mtoto anayetumwa dukani, nisije nikalisahau: mtindio wa ubongo, mtindio wa ubongo. Vitunguu niliviacha pale pale, na mwenye vitunguu alinisema mpaka basi.

Hadija hakuweza kuondoka na kichanga. Mkumbo, mume wake, alisema kwa upole, "Mama, kama una nguvu, nenda naye." Kama nina nguvu! Wiki iliyofuata nilikuwa Mandewa, mtaa wa Singida mjini, na chumba nimepata kwa mjane mmoja anaitwa Mama Yusufu. Bado naweza kukitembelea chumba kile nikifumba macho: sakafu ya saruji yenye ufa unaofanana na mto, kitanda cha futi tatu na nusu, kamba ya nguo juu ya kitanda, dirisha la nondo linalotazama uani. Uani kulikuwa na bomba moja, mwarobaini mmoja na kuku wa Mama Yusufu, kuku wa Singida wale wenye miguu mirefu, wajeuri, wanaoingia chumbani bila hodi. Siku ya kwanza Mama Yusufu alisimama mlangoni mikono kiunoni, akamtazama Pili kwenye kanga yangu. "Bibi, umeniletea mtoto au mzigo wa kuni?" Nikamwambia, "Kuni hazitazami mtu hivi. Mwangalie macho." Akainama. Pili akamtazama, kisha akamcheka, kicheko chake kile cha kupasua. Mama Yusufu akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Ananicheka mimi? Kwangu? Haya, karibuni ndani."

Chumba cha mazoezi kilikuwa na mipira kweli, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, na magodoro membamba, na kioo kirefu ukutani, na benchi la kina mama kila mmoja na wake. Nimekaa misibani, harusini, mikutanoni, lakini benchi kama lile sijaona. Nilidhani mtoto kama Pili ni mmoja Singida nzima, kumbe wako tele, na mama zao wanabishana bei ya nyanya kama watu wengine! Anzela alikuwa binti mdogo, mwembamba, mzaliwa wa kule migombani Kilimanjaro. Akapiga goti. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Nionyeshe unavyomlisha." Nikamlaza Pili mapajani, kichwa nyuma, nikakunja kiganja, tena kwa fahari, maana nimelea watu wazima wenye nguvu kwa kiganja hicho. Hakunikaripia. Akasema, "Naomba sasa ulale wewe." "Mimi?" "Wewe bibi. Hapa godoroni." Benchi lote likageuka kutazama. Nikalala. Akaniinua kichwa kidogo, akakirudisha nyuma, akanimiminia maji kwa kikombe. Wee! Nilipaliwa mpaka kilemba kikaanguka. Nilikohoa, nikapiga godoro, nikamwita mama yangu marehemu. Kina mama wakacheka wanaanguka, na Mama Ombeni, ambaye hata jina lake sikuwa nimelijua bado, akasema, "Mimi alinifanyia mwezi uliopita, nikamtemea usoni!" Anzela akaniketisha. "Sasa kaa wima. Shusha kidevu kidogo. Kunywa." Yakapita. Yakapita kama maji ya mfereji. Nikamtazama Pili, nikamtazama Anzela, nikasema neno moja tu: "Kumbe!"

Watu huniuliza kama niliona haya. Haya ya nini? Nilifanya nilivyofundishwa na walionipenda, na wale watoto wengine walipona kwa sababu makoo yao yalikuwa na nguvu ya kujitetea. Koo la Pili lilihitaji msaada, nami nilikuwa nimeonyeshwa msaada wenyewe. Sikuwa na nafasi ya haya. Nilikuwa na furaha iliyonifanya nitembee haraka mpaka nikapita nyumba ya Mama Yusufu bila kuiona.

Sasa uzito wa chakula. Anzela alisema uji mwepesi ndio adui, unakimbia kabla koo halijajiandaa. "Anahitaji kitu kinachoteleza, bibi, lakini kisikimbie. Kinachokwenda pamoja, kisitawanyike mdomoni." Nilimtazama huyu binti wa ndizi, aliyesoma mpaka huko alikosoma, anatafuta maneno ya kunieleza chakula ninachokijua tangu sina meno. "Kinateleza, hakikimbii, kinakwenda pamoja. Mwanangu, si unasema mlenda?" Akakunja uso. "Mlenda wenu umenishinda bibi. Wiki yangu ya kwanza hapa niliuvuta ukanifuata mpaka kifuani." Benchi likamzomea. Lakini akafikiri, akasema, "Lete. Tujaribu kidogo kidogo, mimi nikiwepo." Nikatwanga mlenda mkavu kwenye kinu cha Mama Yusufu, nikauchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa kama poda ya mtoto, nikaupika na karanga zilizosagwa laini, nikauchanganya na ugali wa uwele uliolegezwa usibaki na donge hata moja. Mama Yusufu alionja, akaonja tena, nikamwambia mama, hiki ni cha mgonjwa. Kesho yake tukamketisha Pili, Anzela ameshika mabega, kidevu chini, mimi mbele yake usawa wa macho. Kijiko kidogo, ncha tu. Nikagusa mdomo wa chini, nikangoja. Akafungua. Nikaweka. Benchi zima limeinama mbele kama watu wa mpira wanaosubiri penalti. Ulimi ukazunguka, ukapotea njia, ukaipata. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa! Hakukohoa, jamani! Mama Ombeni akapiga kigelegele mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuangalia nani amejifungua.

Ikabaki kumketisha, maana mikono ya Anzela isingeweza kuhamia Mandewa. Akatufundisha kutengeneza kiti kwa maboksi. Ndiyo, maboksi ya sabuni na biskuti! Unayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, unayakandamiza kwa mawe, unayakausha juani, yanakuwa magumu kama mbao. Unakata mgongo, mbavu za pembeni, meza ya mbele. Mama Ombeni alijua wenye maduka wote, alikuja amebeba maboksi kichwani mpaka haonekani, na uani kwa Mama Yusufu pakawa kiwanda. Pale ndipo tulipoanza kukutana kila wiki. Nikikumbuka maneno yaliyosemwa uani mule huku mikono ina gundi, naona ndiyo ilikuwa shule yangu ya kweli. Mmoja alijua shule ya msingi yenye darasa la watoto wenye ulemavu na mwalimu asiye na fimbo. Mwingine alijua siku ambayo afisa ustawi wa jamii anakaa ofisini na hana haraka. Mwingine alijua namna ya kumlaza mtoto ubavu asikakamae. Mama Ombeni alitufundisha kwamba mtoto anayekimbia kelele hana kiburi, masikio yake yanamuuma. "Wangu mkimwona ameingia chini ya kitanda," alisema, "msimvute. Zimeni redio." Msaada ulikuwepo muda wote. Ni kama maji ya kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi: mtu anaweza kufa kwa kiu amesimama juu yake, kama hakuna wa kumwambia chimba hapa.

Kiti cha kwanza tulikikausha siku tatu. Nilikuwa nimejisifia gundi yangu, maana wenzangu walitumia unga wa ngano na mimi nikasema ngano ni ya mjini, uwele ndio unaoshika. Ulishika kweli. Uliwashika kuku wa Mama Yusufu. Tulikwenda hospitali, tuliporudi tukakuta majogoo wawili wamesimama juu ya kiti wanadonoa, matetea wako chini wanapokea, na mgongo wa kiti una tundu la kupitisha kichwa. Mbavu moja haipo. Nikapiga yowe. Mama Yusufu akatoka na upawa, akaona, akakaa chini palepale akacheka mpaka akashika tumbo. "Bibi Pili! Umewapikia kuku ugali ukawaandalia na meza!" Nikamwambia nitachinja mmoja. "Chinja, ni haki yako, lakini ukimchinja ujue unakula kiti." Mwanamke huyu! Tukacheka wote, na Pili kwenye mkeka akatucheka sisi. Kiti cha pili tulitia maji ya majani ya mwarobaini kwenye gundi, uchungu ambao hata mchwa hausogelei, na fundi rangi wa jirani akatupa mabaki ya rangi ya mafuta, kijani ya mlango wa mtu. Pili alipokaa mule mara ya kwanza, kiuno nyuma, miguu imekanyaga, mikono juu ya meza, alituangalia mmoja mmoja. Tangu azaliwe alikuwa anatuona kutoka chini. Siku hiyo alituona usawa. Mama Yusufu akasema taratibu, "Shikamoo mama mwenye nyumba," na Pili akachapa meza.

Aliongezeka. Mashavu yakaja, kisha mapaja. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Anzela aliliona kabla yangu. Pili alikula kwa mkono wangu tu. Niliposhikwa na homa, Mama Yusufu alijaribu, na Mama Ombeni alijaribu, mtoto akafunga mdomo kama boksi la chuma. Mimi mwenye kiburi nikafurahi, nikasema, anamjua bibi yake! Anzela akanikalia mbele. "Bibi, nisamehe. Mkono wako ukichoka, atakula nini?" Nilivitazama vidole vyangu, vimepinda, vina mishipa kama mizizi. Alikuwa amesema kweli. Kama chakula cha Pili kinategemea bibi mmoja, basi bado hajapona njaa, tumeiahirisha tu. Na kule Misigiri, nikisharudi Mgori, Hadija akiwa shambani, atakayebaki nyumbani na Pili mchana kutwa ni mmoja. Ni mkwe.

Tulirudi alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa, tayari kuvunwa. Kiti cha kijani kilishushwa kwenye gari kabla yangu, na watoto wa jirani wakakizunguka. Hadija alimbeba Pili akazunguka naye uwanja mzima bila kusema, akimpima kwa mikono. Mkwe alisimama kizingitini pake. "Hicho ndicho kiti? Cha makaratasi? Ninyi Wanyaturu mvua mnaipenda au mnaiogopa?" Nikamwambia, "Kidonoe uone." Hakuelewa, na sikumweleza. Nilipika mlenda jikoni kwa Hadija, nikamketisha Pili, nikampa kijiko cha kwanza, cha pili. Mkwe akasogea. Akasimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake. "Haupandi puani," akasema. "Haupandi." "Hakohoi." "Hakohoi." Halafu akanyoosha ile mikono ya jembe. "Nipe, nimlaze vizuri hapa mapajani." Sikumnyima. Niliinuka kutoka kigodani pangu. "Hapana mkwe. Mapaja yako yapumzike. Wewe kaa hapa."

Akakaa. Nikampa kijiko, kikapotea kwenye kiganja chake. "Usawa wa macho yake. Hivyo. Ncha tu, usijaze. Gusa mdomo wa chini. Ngoja." Akagusa. Pili alifunga mdomo, akamwangalia. Hadija alikuwa mlangoni na kichanga. Nilitaka kukinyakua kile kijiko, nawaambia kweli, nilishika mikono yangu nyuma kama mtoto shuleni. "Ningoje nini?" mkwe akauliza. "Akutake." "Na asiponitaka?" "Ngoja tu, mkwe. Mwambie kitu." Mwanamke yule, ambaye sijawahi kumsikia akimwambia Pili neno hata moja, alijikohoza. Akaanza kumwambia kwa Kinyiramba, sauti ya chini, kitu kuhusu alizeti na ndege waharibifu, kama anavyozungumza mtu na jirani yake. Pili akasikiliza. Kichwa kikainama upande mmoja. Mdomo ukalegea, ukafunguka. Kijiko kikaingia. Ulimi ukazunguka. Koo likapanda, likashuka.

Mkwe hakutikisika. Kijiko kilibaki hewani, kitupu. Na Pili, akiwa anamtazama yeye, si mimi, akafungua mdomo tena.

"Anataka!" Mkwe aliruka, kigoda kikaanguka. Alipiga kelele kwa Kinyiramba kwanza, uwanja mzima, halafu kwa Kiswahili ili na mimi Mnyaturu nisikose. "Mkumbo! Mkumbo, acha hayo majembe! Mjukuu wangu ana njaa! Jamani, ana njaa! Na wewe Hadija unanitazama nini? Leta bakuli, hiki kitamtosha wapi!"